Wapiga besi na ubishi usiokwisha: Sauti imo kwenye gitaa au vidoleni?

Na Mwandishi Wetu

MPENZI wa muziki wa dansi akitoka ukumbini usiku wa manane atakutajia jina la mwimbaji, atakuigia kwa mdomo kipande cha gitaa la solo na pengine atawasifu wapuliza tarumbeta. Mpiga besi hamtaji. Lakini gitaa la besi likizimika katikati ya wimbo, mtu huyo huyo, hata kama hajui kilichotokea, ataacha kucheza na kugeuka kutazama jukwaani.

Pengine ni kwa sababu ya kutotajwa huko ndiyo maana wapiga besi, wakikutana wao kwa wao, huzungumza mno kuhusu vyombo vyao. Gitaa la zamani au jipya? Nyuzi nne au tano? Mti gani? Nyuzi mpya au chakavu? Lenye betri au lisilo na betri? Ubishi huo upo Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa kama ulivyo Detroit na London, na anayesikiliza kwa pembeni anaweza kudhani ni porojo za watu waliokosa kazi.

Si porojo. Nyuma ya ubishi huo kuna fedha, tena mara nyingi fedha za watu wasiokuwa nazo nyingi.

Mwandishi wa makala hii amepata kushuhudia kwaya moja ikichanga kwa miezi kadhaa ili kununua gitaa la besi lenye jina kubwa, kwa ushauri wa mtu aliyeaminika kuwa mjuzi. Gitaa likapatikana, fedha zikaisha. Kwa kuwa hakukuwa na amplifaya ya besi, likaunganishwa kwenye spika ndogo ya kinanda. Jumapili ya pili spika ikapasuka katikati ya wimbo wa kutoa sadaka, na gitaa lile la thamani likakaa kabatini kwa muda mrefu.

Je, mjuzi yule alikosea? Ili kujibu swali hilo inabidi kurudi nyuma kidogo na kueleza gitaa la besi ni nini na wapigaji wake hubishania nini hasa.

Kabla ya miaka ya 1950 kazi ya besi katika bendi ilifanywa na besi kubwa ya kusimama, ile ambayo msomaji huenda amepata kuiona katika vikundi vya taarabu asilia vya Zanzibar. Ni chombo chenye sauti nzuri, lakini ni kikubwa kuliko mpigaji mwenyewe, ni taabu kukipakia garini, na ngoma na tarumbeta zikishika kasi hakisikiki. Aidha, hakina freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyopita shingoni mwa gitaa, hivyo mpigaji asiyekuwa na sikio zuri hupotea noti.

Mwaka 1951 fundi redio wa California, Marekani, aliyeitwa Leo Fender, alitoa gitaa la umeme la besi aliloliita Precision Bass. Jina hilo lilitokana na freti: mpigaji akibonyeza kidole mahali pake, noti hutoka sawasawa. Fender hakuwa wa kwanza kupata wazo hilo, kwani Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kutengeneza besi ya umeme yenye freti katika miaka ya 1930. Lakini ya Fender ndiyo iliyoenea, na mwanamuziki Monk Montgomery alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzunguka nayo katika maonyesho, akiwa na bendi ya Lionel Hampton mwanzoni mwa miaka ya 1950.

La kushangaza ni kwamba Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alikuwa akiwasikiliza wanamuziki waliofika kiwandani kwake, wakilalamika, naye akirekebisha. Kwa maneno mengine, chombo hiki tangu mwanzo ni matokeo ya malalamiko ya wapigaji.

Mwaka 1957 Precision ilifanyiwa marekebisho na kupata umbo ililonalo hadi leo. Mwaka 1960 Fender akatoa aina ya pili, Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi upande wa juu. Hapo ndipo ubishi wa kwanza ulipoanzia, na zaidi ya miaka 60 baadaye wapigaji bado wamegawanyika: kuna watu wa Precision na kuna watu wa Jazz.

Tofauti yao kubwa si umbo bali ni sumaku. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme hukaa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mno, ambayo wanamuziki huiita pikapu (hatuzungumzii gari la mizigo). Uzi ukitikisika juu yake huzalisha umeme mdogo, nao ndio unaopelekwa kwenye amplifaya. Sasa, uzi mmoja hautikisiki sawa kila mahali. Karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa kwenye kiwiliwili, mtikisiko wake ni mfupi na mkali. Kadiri unavyokwenda shingoni huwa mpana na mzito. Kwa hiyo mahali ilipowekwa sumaku ndipo panapoamua sehemu kubwa ya tabia ya gitaa.

Precision ina sumaku moja iliyokatwa vipande viwili, ikiwekwa karibu na katikati. Jazz inazo mbili, moja ikiwa karibu zaidi na daraja, na mpigaji huzichanganya apendavyo. Watu wa Precision husema gitaa lao halina mambo mengi: unaliunganisha, nalo linakaa mahali pake chini ya wimbo bila kugombana na chombo kingine. Watu wa Jazz hujibu kuwa wao wana sauti nyingi katika gitaa moja, na kwamba mpigaji anayetaka kusikika akizungumza, si kunguruma tu, anahitaji sumaku ile ya nyuma.

Wote wana haki. Lakini kuna jambo watu wa Jazz hawalisemi haraka: ukitumia sumaku moja tu kati ya zile mbili, gitaa huvuma. Sumaku mbili zikiwa wazi pamoja mvumo hupotea, kwa kuwa kila moja hufuta mvumo wa mwenzake. Precision ya tangu mwaka 1957 haina tatizo hilo, maana vile vipande viwili hufutiana mvumo wakati wote. Katika ukumbi ambao waya wa ardhini haukufungwa vizuri, na kumbi za namna hiyo tunazo, tofauti hiyo si ndogo.

Ubishi wa pili, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndio wenye maana kuliko yote, unahusu nyuzi. Uzi wa besi ni waya wa chuma uliozungushiwa waya mwingine. Ukizungushiwa utepe bapa, uzi huwa laini mkononi na sauti yake hufifia haraka, nzito kama ya ile besi ya kusimama. Ukizungushiwa waya wa duara, uzi huwa na mikwaruzo, na sauti yake hung'aa na kudumu.

Nyuzi bapa ndizo zilizotangulia. Mwaka 1966 John Entwistle, mpiga besi wa kundi la The Who la Uingereza, alishirikiana na watengenezaji nyuzi wa Rotosound kupata nyuzi za waya wa duara zenye sauti aliyoitaka, iliyokaribia mlio wa piano. Tangu hapo wapigaji wengi vijana walihamia huko, na nyuzi bapa zikaonekana ni mambo ya wazee.

Lakini mzee mmoja hakuhama. James Jamerson, aliyezaliwa mwaka 1936, alikuwa mpiga besi wa studio ya Motown mjini Detroit. Besi yake inasikika katika nyimbo nyingi za kampuni hiyo zilizotamba miaka ya 1960, ingawa kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya sahani. Alitumia Precision ya mwaka 1962, nyuzi bapa nene za La Bella, na alikuwa habadilishi nyuzi mpaka moja ikatike. Kwa mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada.

Wapigaji wa leo wanaotaka sauti ya Jamerson hununua Precision inayofanana na yake, hununua nyuzi zile zile, na wengine hutafuta hata amplifaya ya Ampeg B-15 ambayo hutajwa pamoja na jina lake. Hapo kuna kichekesho kidogo. Studioni Motown, besi ya Jamerson mara nyingi haikupitia amplifaya kabisa. Iliunganishwa moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia. Kinachosikika katika sahani zile ni kidole, nyuzi chakavu, sumaku na waya.

Wapo wanaosema basi nyuzi bapa ndizo sahihi. Si hivyo. Larry Graham, aliyepata umaarufu katika bendi ya Sly and the Family Stone mwishoni mwa miaka ya 1960, alianza kupiga besi akimsindikiza mama yake katika kumbi bila mpiga ngoma. Ili kuziba pengo akawa anapiga nyuzi kwa kidole gumba mahali pa ngoma kubwa, na kuzivuta kwa kidole kingine mahali pa ile ndogo. Mtindo huo, ambao leo kila kijana anayeshika besi hutaka kuujaribu kabla hata ya kujua ngazi za muziki, husikika vizuri zaidi nyuzi zinapong'aa.

Kinachopaswa kueleweka ni gharama. Nyuzi za waya wa duara hupoteza mng'ao baada ya wiki chache za kupigwa, kwa kuwa jasho na uchafu huingia katika mikwaruzo yake. Kwa mpigaji ambaye seti moja ya nyuzi ni sehemu kubwa ya malipo ya onyesho, huo ni mzigo. Ndiyo maana wapiga besi, tangu Marekani hadi kwetu, wana desturi ya kuzichemsha: huzivua, huziweka kwenye sufuria ya maji yanayotokota kwa dakika kadhaa, huzikausha vizuri, na kuzirudisha. Mng'ao hurudi, ingawa si kwa muda mrefu. Nyuzi bapa hazina haja ya hayo, zinaweza kukaa miaka. Mpigaji anayechagua kati ya aina hizi mbili anachagua sauti, lakini pia anachagua matumizi ya kila mwezi, na hilo wauzaji hawalisemi.

Tuje kwenye ubishi unaogharimu fedha nyingi kuliko wote, nao ni wa magitaa ya zamani. Mwaka 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13 za Marekani. Wapigaji wengi wanaamini kuwa ubora ulishuka baada ya hapo, na kwamba besi iliyotengenezwa kabla ya mauzo hayo ina kitu ambacho hakipatikani tena. Matokeo yake, magitaa ya miaka hiyo yamekuwa mali ya matajiri wanaokusanya vitu, na baadhi hayapigwi kabisa.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwani katika miaka ya 1970 uzalishaji uliongezwa na baadhi ya magitaa yalitoka mazito au shingo zake hazikukaa vizuri. Lakini hata kabla ya 1965 yalikuwapo mabaya. Yaliyotunzwa hadi leo ni yale yaliyopendwa, na yaliyopendwa ni yale yaliyotoka mazuri. Mabaya yalitupwa zamani, kwa hiyo hayapo kutoa ushahidi.

Tangu mwaka 1995 Fender imekuwa ikiuza magitaa mapya yaliyokwaruzwa na kuchubuliwa rangi makusudi ili yaonekane yamepigwa miaka 40, nayo huuzwa ghali kuliko yale yasiyochubuliwa. Tuliozoea kuona suruali za jinzi zikiuzwa zikiwa zimetoboka magotini hatuna la kushangaa.

Upande wa pili wa sarafu ni Squier, jina ambalo Fender ilianza kulitumia mwaka 1982 kwa magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Japani. Wakati huo yalikuwa ya wanafunzi. Leo magitaa yale ya kwanza ya Japani yanatafutwa na wapigaji wenye majina, ambao wanayasifu kuwa yalitengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Tangu wakati huo kazi ya magitaa nafuu imehamia nchi kama Indonesia na China, na mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata shingo na viwiliwili kwa kipimo kile kile kila mara. Pengo kati ya gitaa nafuu na la ghali lililokuwapo katika miaka ya 1970 limepungua sana.

Na si kila gitaa mashuhuri lilikuwa la ghali. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi yake ya Höfner, yenye umbo la fidla, mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1961 kwa takriban pauni 30. Alisema hakuwa na uwezo wa kununua Fender, na kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, umbo lile lenye pande mbili zinazofanana halikuonekana la ajabu likigeuzwa. Gitaa hilo liliibwa London mwaka 1972, na taarifa za kupatikana kwake zilitolewa Februari 2024 baada ya msako wa watu waliojitolea.

Kuhusu mti, maneno ni mengi na ushahidi ni mdogo. Wapo wapigaji wanaoapa kuwa mti wa kiwiliwili ndio roho ya besi, na wapo wanaocheka wakisikia hivyo. Jibu gumu lilitolewa karibu mwaka 1980 na Mmarekani Ned Steinberger, aliyetengeneza besi isiyo na kichwa, kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi badala ya mti. Wapigaji waliipiga, wakarekodi nayo, na msikilizaji hakulalamika kuwa mti haupo.

Ni kweli kwamba uzito na ugumu wa mti, hasa wa shingo, huathiri jinsi noti inavyodumu. Lakini mti unaotajwa katika matangazo mara nyingi ulichaguliwa kwa sababu ulipatikana kwa urahisi. Fender alitumia ash na alder kwa kuwa ilikuwapo Marekani. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitangaza kupunguza matumizi ya ash kutokana na mdudu anayeishambulia na mafuriko katika mabonde inakostawi, na magitaa yameendelea kutengenezwa kwa miti mingine.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Mwaka 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia ambayo hadi hapo haikuwa katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES iliingizwa chini ya udhibiti huo. Ndani yake umo rosewood inayotumika katika shingo za magitaa, na umo pia mpingo wetu, ambao hutengenezewa klarineti na zumari za Ulaya. Wanamuziki waliosafiri na vyombo vyao walipata usumbufu wa vibali mipakani mpaka mwaka 2019, masharti yalipolegezwa kwa vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa.

Kuhusu betri tutapita haraka. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man, ambayo Leo Fender alihusika nayo, ilitoa besi ya StingRay yenye kikuza sauti kidogo ndani yake kinachotumia betri ya volti 9. Sauti yake ni kali na wazi. Wasioipenda husema betri huisha katikati ya onyesho. Ni kweli, lakini kosa huwa ni la mwenyewe: katika magitaa ya namna hii betri hufanya kazi wakati wote waya unapokuwa umechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Chomoa waya ukimaliza.

Nyuzi tano ni hadithi nyingine. Uzi mzito wa besi ya kawaida, unaoitwa E, hutikisika mara 41 kwa sekunde. Katika miaka ya 1980 vinanda vya umeme vilianza kupiga besi iliyoshuka chini ya hapo, na wapigaji wa studio wakajikuta hawawezi kufuata. Suluhisho likawa kuongeza uzi wa tano, B, unaotikisika mara 31 hivi. Anthony Jackson wa New York alikwisha kutangulia: mwaka 1975 fundi Carl Thompson alimtengenezea besi ya nyuzi sita.

Wapigaji wa muziki wa injili wanaupenda uzi huo kwa sababu unawawezesha kuzishukia noti za chini waimbaji wanapobadilisha ufunguo ghafla. Wapinzani wake husema Jamerson alimaliza kazi yake kwa nyuzi nne. Hoja yao ni nzuri masikioni lakini si ya haki, kwani Jamerson hakulazimika kushindana na kinanda cha umeme cha miaka ya 1980. Tatizo halisi la uzi wa tano ni jingine: spika nyingi haziwezi kuutoa. Sikio la binadamu hujazia lenyewe, likisikia noti zinazoambatana na ile ya chini huamini kuwa imeisikia hata kama spika haikuitoa. Ndivyo inavyowezekana kuisikia besi kwenye simu ya mkononi, ambayo spika yake ni ndogo kuliko kifuniko cha soda. Na kwa kuwa wasikilizaji wengi sasa husikilizia kwenye simu, besi isiyo na mng'ao wowote hupotea kabisa, jambo ambalo watu wa nyuzi bapa wanapaswa kulifikiria.

Kuna wapigaji wachache wanaotaka freti zing'olewe, warudi kule kwenye besi ya kusimama. Kinara wao ni Jaco Pastorius wa Florida, aliyefariki mwaka 1987. Alikuwa na Jazz Bass ya mwaka 1962 isiyo na freti, mifereji ikiwa imezibwa. Kwa kuwa alitumia nyuzi za waya wa duara zinazokwangua mti, aliipaka shingo gundi ngumu inayotumika kwenye mashua. Sauti yake, kama ya mtu anayeimba, imewafanya vijana wengi wang'oe freti za magitaa yao kwa koleo, na wengi wao wamejuta.

Mwafrika aliyeonyesha kuwa sauti hiyo haihitaji gitaa la kifahari ni Bakithi Kumalo wa Soweto, Afrika Kusini. Besi inayosikika katika albamu ya Paul Simon ya mwaka 1986, Graceland, ni ya kwake, akitumia gitaa la Washburn lisilo na freti, ambalo halimo katika orodha ya magitaa yanayogombaniwa na matajiri. Kipande chake maarufu katika wimbo wa You Can Call Me Al kina siri: nusu ya pili ni ile nusu ya kwanza iliyochezwa kinyumenyume na mafundi wa studio. Wapo waliohangaika miaka mingi kuipiga nusu hiyo wakidhani ni vidole tu.

Sasa turudi kwenye spika ya kwaya. Noti ya chini inahitaji hewa nyingi kusukumwa. Spika ndogo ikilazimishwa kufanya hivyo, karatasi yake husafiri mbele na nyuma kupita kiasi chake, na hatimaye hupasuka au waya wake huungua. Kwa sababu hiyo amplifaya ya besi huhitaji nguvu mara kadhaa ya ile ya gitaa la solo ili zisikike sawa.

Ampeg B-15 ya mwaka 1960 haikufika hata wati 40, ikatosha katika studio na kumbi ndogo. Mwaka 1969 kampuni hiyo hiyo ikatoa SVT ya wati 300, na Rolling Stones wakaizungusha Marekani mwaka huo huo. Ilikuwa ya vali, ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 35 bila spika. Sanduku lake la spika nane, ambalo wapigaji huliita friji, lilihitaji watu wawili kulibeba ngazi. Kuna wapigaji hadi leo wanaosema hakuna kitu kilichowahi kusikika vizuri kuliko hivyo, na wengi wao migongo inawauma.

Amplifaya za kisasa za wati 500 hazizidi uzito wa kuku wawili, na huingia kwenye mfuko wa gitaa. Watu wa vali husema hazina joto la sauti. Huenda ni kweli katika ukumbi mtulivu. Katika ukumbi wenye watu 400 wanaocheza, ambako besi huenda pia kwenye mitambo mikubwa ya ukumbi, mwandishi huyu hajakutana na mchezaji aliyetambua tofauti.

Jambo moja ambalo wapigaji wazoefu wa kambi zote hukubaliana ni kurekebishwa kwa gitaa lenyewe. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu cha kuinyoosha. Nyuzi nne za besi huivuta shingo kwa nguvu nyingi usiku na mchana, na unyevu wa mji wa pwani kama Dar es Salaam au Mombasa huifanya ipinde zaidi. Fundi anayejua kazi yake hukaza au kulegeza chuma hicho kwa robo mzunguko, hupanga urefu wa nyuzi kwenye daraja, na gitaa lililokuwa adui wa vidole huwa rafiki. Kazi hiyo ni ya saa moja, na bei yake hailingani hata kidogo na bei ya gitaa jipya.

Kwa hiyo anayenunua besi iliyotumika asianze kwa kusoma jina kichwani. Alishike kama bunduki, aitazame shingo kwa jicho moja kutoka daraja hadi juu kuona kama imepinda. Apige kila noti katika kila uzi, asikilize kama kuna inayokwaruza au inayokufa. Azungushe vifundo vyote. Vikikoroma ni vumbi, na vumbi husafishika. Aulize kama ile nati ya chuma cha shingoni bado inazunguka. Ikiwa imekwama, aache, hata kama gitaa lina jina kubwa kiasi gani. Na kabla ya kulipa ahesabu fedha zilizobaki za amplifaya.

Kwaya ile hatimaye ililiuza gitaa lake kwa mpigaji wa bendi. Fedha zilizopatikana zilitosha kununua besi ya kawaida ya nyuzi nne, iliyotumika, pamoja na amplifaya yenye spika ya inchi 15. Mpigaji ni yule yule, na nyuzi ni zile alizozikuta kwenye gitaa.